Likishakwenda Mwendo

Kwa miaka 31 nilifundisha Kiswahili, na katika miaka hiyo nilisahihisha sentensi za watu zisizo na idadi. Leo ninasimulia habari ya sentensi moja niliyoisahihisha ilhali haikuwa na kosa. Ilikuwa na maneno matatu tu. Aliyeitamka ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, kijana wa miaka 23 aliyekuwa akiniendeshea pikapu.

Pikapu yenyewe ni ya mwaka 1987, inatumia petroli, na injini yake ni ya kabureta. Niliinunua ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa wengi, nilipostaafu, ili nipate cha kuongezea pensheni. Kazi yake ni kutoka Tanga mjini, kupita Pongwe hadi Muheza, mwendo wa kilomita 35 hivi, kisha kuipanda milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani, takribani mita 900 juu ya usawa wa bahari. Huko huchukua iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Msimu wa machungwa ukifika, inashusha machungwa ya Muheza. Gari likichelewa, wanunuzi huwa wamekwisha kuondoka, na mzigo hulala kwa hasara.

Mwaka juzi mpwa wangu alianza kurudi usiku. Mara ya kwanza nilinyamaza. Mara ya tatu nikamwuliza kuna nini.

"Mjomba," akasema, "likishakwenda mwendo linachoka. Nikilipumzisha kidogo linaamka, kisha linachoka tena."

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wanafunzi wangu. Nikamwambia kwamba gari halichoki, anayechoka ni mwenye uhai, na kwamba aseme gari linapungua nguvu. Akainamisha kichwa akasema, "Ndiyo, mjomba, linapungua nguvu." Hapo mazungumzo yakaisha. Nilikuwa nimemfundisha sarufi, wala sikuwa nimemwuliza mwendo huo ni wa umbali gani, ni kwenye mlima au kwenye tambarare, na huko kulipumzisha kunachukua muda gani.

Hata hiyo sarufi sikuwa nayo. Sisi sote husema shati limechoka, kamba imechoka, kiti kimechoka. Ukisimama nusu saa kwenye gereji yoyote utasikia kwamba betri imekufa, gari limegoma, injini inakohoa, rejeta inachemsha, gari linakula mafuta. Lugha ilikwisha kuvipa vyombo miili na maradhi kabla mimi sijazaliwa. Nilimnyima mpwa wangu ruhusa ambayo Kiswahili kilimpa.

Siku mbili zilizofuata niliendesha mwenyewe. Kutoka nyumbani Makorora hadi sokoni, kutoka sokoni hadi msikitini, kutoka msikitini hadi nyumbani. Gari halikuonyesha dalili yoyote. Nikaanza kuwaza kwamba ugonjwa huu unamjua dereva.

Kisha jirani mmoja akaniletea habari. Amemwona mpwa wangu karibu na Pongwe, amesimama kando ya barabara, amefungua mfuniko wa tanki la mafuta. Nikaunganisha mambo: gari linachelewa, linapungua nguvu likiwa naye tu, naye anafungua tanki mahali pasipo kituo cha mafuta. Jawabu likanijia haraka, na kwa kuwa lilinijia haraka nikalidhani ni la kweli. Jioni ile, barazani, mbele ya wazee sita ninaocheza nao bao, nikasema kwamba mtoto wa dada yangu ananiibia petroli. Nilisema hivyo kabla sijamkabili mwenyewe.

Usiku nikamtaka anipe ufunguo. Alinitazama, akasema neno ambalo nimelikumbuka mara nyingi tangu siku ile: "Mjomba, nililifungua tanki livute pumzi."

Nikacheka. Asubuhi akapanda basi la Pangani, akaenda kwa mama yake.

Nikamtafuta dereva mwingine, mtu mzima mwenye uzoefu. Safari ya kwanza ilikuwa njema, kwa sababu alipewa mafuta kidogo. Safari ya pili nikamjazia tanki pomoni, na gari likamzimia kwenye kona za kupandia Amani akiwa na abiria wawili. Lilirudi Muheza likivutwa na lori. Hata hapo sikurudi nyuma. Nilijiambia kwamba mpwa wangu aliharibu injini kabla ya kuondoka.

Nikalipeleka gari kwa fundi. Akaniuliza ugonjwa wake. Nikamwambia: "Likipata moto linachoka."

Msomaji mwenye sikio amekwisha kuona nilichokifanya. Nilipewa *mwendo* nikawasilisha *moto*. Sikudanganya kwa makusudi. Niliona kwamba gari lililokwenda mwendo ni gari lililopata moto, basi maneno mawili ni mamoja, nami nikachagua lile lililonipendeza. Kiambishi *-sha-* pia nilikidondosha njiani. Mpwa wangu alisema *likishakwenda*: kwanza safari itimie, ndipo uchovu ufuate. Mimi nikakipeleka kwa fundi kisa kisicho na safari ndani yake.

Fundi yule alikuwa mkweli, akafanya kazi juu ya neno alilopewa. Maradhi ya moto yanajulikana, naye aliyafuata moja baada ya jingine. Rejeta ikiziba, maji hayapoi na injini inachemsha, basi akaisafisha rejeta. Koili iliyozeeka inaweza kutoa cheche nzuri ikiwa baridi, kisha nyaya zake za ndani zikipata joto cheche inadhoofika, na ikipoa inarudi kama mpya, basi akabadilisha koili, na plagi zote 4. Bomba la petroli likipita karibu na ekzosi, petroli inaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba, na pampu iliyotengenezwa kusukuma majimaji haiwezi kusukuma mvuke, basi akalihamisha bomba. Baada ya kila tengenezo aliliacha gari lingurume limesimama uani kwa nusu saa. Mshale wa joto ulipanda ukatulia mahali pake, na injini haikutetereka. "Limepona," alisema.

Lilipona uani. Barabarani likachoka vilevile, siku nne baadaye, pale pale. Nilikuwa nimetumia shilingi 380,000, na sasa fundi anasema lazima tufungue silinda hedi. Fedha ya kufungua silinda hedi sikuwa nayo. Nilianza kuwauliza watu bei ya pikapu kuukuu.

Rafiki mmoja wa barazani akanielekeza kwa fundi mzee wa Ngamiani, asiye na kibao mlangoni. Nilimkuta amekaa juu ya tairi akinywa kahawa. Nikamsimulia yote, rejeta, koili, plagi na bomba. Hakuinuka. Akaniuliza:

"Lilipoanza, nani alikuwa analiendesha?"

"Mpwa wangu. Nimemwondoa."

"Alikuambiaje?"

"Kwamba likipata moto linachoka."

"Hayo ni maneno yake, mwalimu, au ni yako?"

Nilinyamaza. Nikajaribu kuikumbuka sauti ya mpwa wangu siku ile, na sentensi ikarudi nzima. Nikamwambia fundi kwamba kijana alisema likishakwenda mwendo.

"Moto ni kitu kimoja na mwendo ni kitu kingine," akasema. "Gari likinguruma limesimama nusu saa linapata moto bila ya mwendo. Hapo lilichoka?"

"Halikuchoka."

"Basi moto tuuweke kando. Niletee kijana."

Nikampigia simu dada yangu. Baada ya salamu nikamwomba amruhusu mwanawe aje Tanga siku moja. Akaniuliza, "Mwizi unamtakia nini?" Nikajibu kwamba fundi ana swali. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Fundi ana swali. Wewe huna?" Sikupata jibu.

Kijana alikuja kesho yake kwa basi la asubuhi. "Shikamoo, mjomba," akasema, nami nikaitikia nikitazama chini. Fundi alimketisha karibu naye na kumwuliza maswali matatu, taratibu, akingoja kila jibu liishe.

La kwanza: tanki likijaa, gari linachoka mapema au linachelewa? Kijana akasema linachoka mapema. Likijaa, halipiti mbali baada ya Pongwe. La pili: likibaki robo je? Akasema likibaki robo linaweza kufika hata Amani. La tatu: siku ulipofungua tanki, ulisikia nini? Kijana akanitazama mimi kwanza. Kisha akasema, "Linavuta pumzi, fundi. Ndefu. Nikilifunga tena linaondoka na nguvu zake zote."

Fundi akainuka. Hakulifungua boneti. Alizunguka hadi ubavuni mwa gari, akautoa mfuniko wa tanki, akaugeuza, akaweka mdomo juu yake na kupuliza. Akauliza nani aliununua.

Niliununua mimi. Mfuniko wa asili niliusahau juu ya paa la gari kwenye kituo cha mafuta, ukaangukia njiani. Nikaenda duka la spea, nikachagua huu kwa sababu ulikuwa na mpira mnene na ulikaza vizuri kuliko wote. Niliporudi nyumbani niliusifu mbele ya mpwa wangu. Wiki iliyofuata ndipo alipoanza kurudi usiku. Tarehe zote mbili nilikuwa nazo kichwani, na sikuwahi kuziweka pamoja.

Maelezo ya fundi nayaandika hapa kwa kirefu, kwani huenda msomaji ana gari la umri ule. Tanki la petroli lazima lipumue. Kila lita inayotoka kwenda kwenye injini, lazima hewa ya ujazo uleule iingie mahali pake. Katika gari kama langu hewa hiyo hupita kwenye kitundu chenye vali ndani ya mfuniko, vali inayoruhusu hewa iingie bila kuiachia petroli imwagike. Mfuniko wangu haukuwa na kitundu. Tanki likiwa limejaa, nafasi ya hewa iliyobaki juu ni ndogo. Tuseme ni lita 5. Ukitumia lita 3, hewa ileile inalazimika kutanuka hadi lita 8, na nguvu yake inapungua sana. Tanki lenyewe linaanza kuivuta petroli lisiiachie, na pampu kongwe inashindana nalo. Lakini likibaki robo, hewa ni kama lita 40. Hiyo ikitanuka kuwa 43, tofauti haisikiki. Ndiyo maana tanki lililojaa lilichoka mapema.

Vilevile ndiyo maana mlima ulikuwa mbaya kuliko tambarare: injini yenye mzigo mlimani inadai petroli nyingi, na upungufu huonekana kwanza pale penye madai makubwa. Ndiyo maana uani halikuugua: injini inayonguruma imesimama inakunywa kidogo mno. Ndiyo maana mikononi mwangu lilikuwa zima: safari zangu zilikuwa fupi, na mafuta niliyatia kidogo kidogo. Na ndiyo maana lilipopumzishwa liliamka: hewa ilipenya polepole kwenye nyufa ndogo hadi ikatosha. Moto ulikuwa na sehemu yake ndogo, kwa kuwa petroli iliyopungukiwa msukumo hugeuka mvuke upesi zaidi ikiwa na joto. Ulichangia, lakini haukuanzisha.

Fundi hakutaka tumwamini kwa maneno. Aliirudisha koili ya zamani, ili isije ikasemwa kwamba koili mpya ndiyo iliyoponya. Tukajaza tanki, tukaufunga mfuniko wangu kwa nguvu, tukaondoka watu watatu, mpwa wangu akiendesha. Tulipokwisha kuipita Pongwe gari likaanza kulegea. Kijana akakanyaga mafuta, injini ikatweta, mwendo ukashuka. Fundi akaagiza tusimame. Akaniambia mimi, si kijana, nikafungue tanki.

Nikaugeuza mfuniko. Hewa ikaingia kwa mlio mrefu, mwembamba, kama mtu aliyezamia lulu anapotoa kichwa juu ya maji. Nilisimama pale kando ya barabara, mahali ambapo huenda ndipo alipoonwa yeye, nikiwa na mfuniko mkononi kama yeye. Mpwa wangu alitazama mbele, mikono yake juu ya usukani. Hakusema kitu.

Tuliendelea na nguvu ikarudi. Muheza tukajaza tanki tena, na fundi akatoa mfukoni mfuniko mkuukuu wenye vali, akaufunga. Tukapanda hadi Amani kona baada ya kona, bila kusimama. Nilimwuliza kwa nini tusingeutoboa tu ule wangu kwa msumari, kama nilivyosikia wengine wakifanya. Akasema tundu la msumari linapitisha hewa, lakini pia linapitisha petroli na mvuke wake, na yeye ameona gari likiungua. Kwa kazi yote alinitoza shilingi 40,000, mfuniko ukiwemo.

Usiku ule nilijaribu kumwomba mpwa wangu radhi kwa njia ninayoiweza. Nilitunga ubeti nikautuma kwenye simu yake:

Nilishikilia moto, nawe wasema ni mwendo,
Nikakuona mtoto, nikakunyima upendo,
Kumbe kizibo kizito, ndicho kilicho na fundo,
Radhi yako ndiyo pato, mpwa wangu nisamehe.

Mizani nilizihesabu mara mbili. Jibu lake lilikuja asubuhi: "Shairi zuri, mjomba. Ila lile la mwizi ulilisema barazani."

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Alikuwa sahihi, na safari hii sikuwa na la kusahihisha. Ubeti ule ulikuwa siri baina ya watu wawili, na ulikuwa na uzuri wa kunifariji mimi niliyeutunga. Neno *mwizi* halikuwa na vina wala mizani, lakini lilisikiwa na wazee sita, na kila mzee ana nyumba, na kila nyumba ina watu.

Basi alasiri ya Ijumaa nikaenda barazani. Nilisubiri bao liishe. Nikasema kwamba nilimsingizia mpwa wangu, kwamba hakuiba hata tone, na kwamba aliyeharibu gari ni mimi kwa mfuniko nilioununua kwa mkono wangu. Jirani aliyeniletea habari alijitetea: "Lakini mimi nilimwona kweli akifungua tanki." Nikamwambia alimwona kweli, aliyeeleza vibaya kile alichokiona ni mimi. Mzee mmoja akauliza kama pikipiki yake nayo inahitaji mfuniko wenye tundu, na mazungumzo yakageukia huko. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa, na nikaona haya kwamba nilikuwa nimejaribu kutanguliza shairi.

Dada yangu alichukua miezi kadhaa kabla ya kunipigia simu bila ya haja. Mpwa wangu alirudi kuendesha, kwa makubaliano mapya: anapata fungu katika mzigo, si posho ya siku.

Sisi tunaopenda lugha tuna maradhi yetu. Tunasikiliza jinsi jambo lilivyosemwa hata tukaacha kulisikia. Wanaoghani mashairi wanajua kwamba mshororo wa mizani 16 una mahali pake pa kuvutia pumzi, baada ya ukwapi, na asiyepumua hapo sauti humwishia kwenye utao. Jambo hilo nimelifundisha darasani kwa miaka mingi. Alipokuja mtu kuniambia kwamba tanki linataka kuvuta pumzi, nilimcheka.

Siku hizi nina daftari dogo karibu na mlango. Mpwa wangu akirudi na kusema neno lolote juu ya gari, ninaliandika kama alivyolisema, herufi kwa herufi, na hivyo hivyo ninalipeleka Ngamiani. Wiki iliyopita niliandika: "Breki ya mbele inanong'ona." Fundi alilisoma, akatabasamu, akaniuliza ni upande gani. Nikafungua daftari tena. "Kushoto, wakati wa kuteremka." Akachukua jeki.